Bi Marlys na Jedwali Lililotuumbua

Tarehe 30 Juni 2017, saa kumi jioni, Bi Marlys Tollefson atarudisha ufunguo wa chumba cha barua, baada ya kulitumikia jarida letu la michezo ya kompyuta hapa Duluth kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Muda wote huo hakuwahi kumaliza hata mchezo mmoja, wala hakuona haya kusema hivyo. Kazi yake ni kusoma barua, alisema; wa kucheza wapo, na wanalipwa.

Aliajiriwa kufungua bahasha. Kahawa yake ilikuwa nyepesi hata kitako cha kikombe kinaonekana, na gari lake lilianza kupunguza mwendo taa nyekundu ikiwa bado mitaa mitatu mbele. Lakini kwenye barua, weee! Hakimpiti kitu.

Mwaka 1988 akaanza kubandika ukutani, kila Desemba, jedwali la kulinganisha jarida letu na mengine matatu. Lilikuwa na safu mbili tu: linavutia, linaaminika. Ya kwanza aliipima kwa kuacha majarida yote manne kwenye duka la kufulia nguo, kisha kuangalia lipi limeibwa kwanza. Letu liliibwa kila mwezi. Tulijivuna kweli, maana majoka ya jalada letu yalikuwa na misuli kuliko mabondia. Ya pili aliipima kwa subira. Mwaka ukipita, aliwaandikia wasomaji walionunua michezo iliyosifiwa, akawauliza kama sifa zilizoandikwa na kila jarida waliziona. Hapo tulishika mkia, tena bila mpinzani.

Sasa niseme langu, maana nisipolisema ataniuliza. Vuli ya 1997, mimi Lowell Niemi niliupa mchezo mmoja wa ngome alama 94 kwa 100, nikaandika kwamba mwisho wake ulinitoa machozi. Nilikuwa nimecheza hatua mbili tu. Mchezo ulipofika madukani, ikabainika kuwa lango la hatua ya tatu halifunguki kwa mtu yeyote. Dk. Orrin Sather, daktari wa meno mstaafu wa Bemidji, akatuandikia barua nne za upole, akiomba radhi kwa usumbufu na kuuliza anakosea wapi.

Bi Marlys akaniita, akanivutia kiti mbele ya kompyuta. "Lowell, mwanangu, hebu nionyeshe huo mwisho uliokuliza."

Nikahangaika pale dakika kumi, jasho linanitoka. "Lango limekwama, Bi Marlys."

"Limekwama tangu lini?" Akanisogezea simu. "Mpigie daktari."

Nikampigia yule mzee, nikamweleza kuwa lango halifunguki kwa yeyote. "Kwa hiyo si mimi mjinga?" akauliza.

"Hapana, mzee. Nilidanganya. Huo mwisho sikuufikia."

Akacheka, akaniambia alikuwa karibu kumgawia jirani kompyuta yake, akidhani akili zimemwisha. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Mhariri wetu wa wakati huo, Royce Vandermolen, alitaka jambo lizikwe na mimi nifukuzwe kimyakimya. Bi Marlys akayakataa yote mawili. "Ukimfukuza huyu, utaniletea mwingine ambaye bado hajaumbuka," alimwambia. "Sina nguvu za kuanza upya." Na jedwali lisipochapishwa, akaongeza, yeye na mkoba wake wanaondoka. Desemba ile likatoka ndani ya jarida kwa mara ya kwanza, sisi mkiani, na chini yake maelezo yangu kwa jina langu kamili. Tangu hapo hakuna anayetoa alama humu kabla ya kumaliza mchezo. Mkia wenyewe tuliuacha baada ya miaka sita, ingawa kule kwenye duka la kufulia nguo wezi wametupungukia.

Sasa Bi Marlys anakwenda Ziwa Mille Lacs na mumewe, Verlyn, kusubiri maji yagande, watoboe barafu wavue samaki. Verlyn, pole sana. Kuanzia sasa ukisimulia ukubwa wa samaki, uwe naye mkononi.

Wiki iliyopita Bi Marlys alinikabidhi kasha la barua. Nikadhani anataka nimbebee hadi kwenye gari. "Jedwali ni lako," akasema. "Anza na jarida letu, na humo uanze na uliyoyaandika wewe."

Bi Marlys, ulinikuta mwongo mwenye kalamu nzuri, ukakataa kuniacha hivyo. Asante. Nenda kastarehe, mama, na afya isikupungukie. Barua za Desemba nitazisoma zote.