Mwalimu Jedwali, Dada Niliyemkatiza

Waombolezaji wenzangu, mlio na karatasi fuateni, mlioikosa nitasoma polepole. Kikao cha familia kiliamua wasifu wa dada yetu niusome mimi, mdogo wake, eti kwa kuwa ndimi mwenye mdomo katika ukoo huu. Shemeji yangu, mume wa marehemu, hakupinga. Alinishika bega akasema, "Sawa, soma wewe. Ila andika yote, shemeji. Usije ukaruka panapokuhusu." Sikuruka. Mtaniwia radhi mkiniona najizungumzia kwenye msiba wa mtu mwingine, maana habari zangu zimeingia ndani ya zake na sijui namna ya kuzitoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1962, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu, karani wa stoo, na mama yetu, mshona nguo. Alipofika miaka minne kigugumizi kilimshika, na hakikumwachia tena. Mimi nilizaliwa miaka sita baada yake, nikaja na haraka ya kuwatosha watu wawili. Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshammalizia. Siku moja mama alitutuma sabuni. Dukani dada akaanza, "Tu-tuna... tuna..." nami nikadakia, "Tunaomba kiberiti!" Tukarudi na viberiti vitatu. Mama akatutazama weee, kisha akauliza, "Kwa hiyo leo tunafua kwa moto?" Nyumba nzima ilicheka. Dada naye alicheka, na fimbo alichapwa yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Akiwa darasa la tatu alipata mwalimu wa kusoma ambaye hakuwa na haraka. Mwalimu yule alimwambia, "Neno likikwama usipigane nalo. Sema 'ngoja kwanza', vuta pumzi, litakuja lenyewe." Dada alilichukua agizo lile akaondoka nalo hadi sekondari, hadi chuo cha ualimu alichomaliza mwaka 1982, hadi chuo kikuu alikosomea mawasiliano ya umma na kuhitimu mwaka 1989. "Ngoja kwanza." Waliomfahamu wanaisikia hata sasa. Akiisema, hesabu pumzi mbili, na kitakachofuata kitakuwa kimenyooka kuliko yote mliyokwisha kuyasema ninyi.

Tarehe 1 Oktoba 1990 aliajiriwa katika chuo cha uandishi wa habari, akafundisha hapo miaka ishirini na tisa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Jedwali, kwa sababu hakukiamini ulichokisema mpaka uwe umekichorea mistari. Aliwagawia karatasi za safu tano, akawaambia waende kusikiliza taarifa za habari wiki nzima na kujaza: nani anaongea, nani anaongelewa tu, nani anatajwa kwa jina na cheo, nani anabaki kuwa "mwanamke mmoja". Mwaka mmoja wanafunzi walirudi na wanawake kumi na tisa walioonyeshwa kwenye runinga, wawili tu kati yao wakiwa wameulizwa maoni, na mmoja wa hao alikatizwa na tangazo la magodoro. Dada alisema, "Sasa msiniambie hamjui maana ya uwakilishi. Tafuteni yule aliyekatizwa. Muulizeni alitaka kusema nini." Na kweli walimtafuta.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Bwana harusi, shemeji yangu huyu, ni fundi redio. Walikutana siku alipoitwa kutengeneza redio ya ofisi ya walimu, katika shule aliyofundisha dada kabla ya kwenda chuo kikuu. Aliuliza ina tatizo gani, na dada akakwama. Walimu watatu wakajibu kwa mpigo. Fundi aliweka bisibisi mezani, akawaambia, "Sijawauliza ninyi," akakaa kimya hadi dada alipomaliza. Dada alikuwa akisimulia kisa hiki huku akimtania kwamba redio yenyewe hakuitengeneza vizuri, ilibidi aitwe tena mara nne. Walijaliwa binti na mwana.

Hapa ndipo shemeji aliposema nisiruke.

Mwezi Februari 2006 mimi, mtunzi na mwigizaji wa vichekesho redioni, nilianzisha kipindi cha kila Alhamisi saa moja jioni. Ndani yake alikuwamo mwalimu mmoja mwanamke, Bi Ngoja, na sauti yake niliigiza mwenyewe. Bi Ngoja alikuwa akitaka kusema jambo, anaanza, "Ngo-ngoja kwanza..." na wote waliopo wanapaza sauti, "Hatungoji!" Basi. Kichekesho chote ndicho hicho. Kilipendwa, jamani, kilipendwa hata nikashangaa. Watu walikisema sokoni, kwenye harusi, kazini bosi akichelewa. Wanafunzi wapya walipomsikia dada darasani kwa mara ya kwanza, kuna waliojibu "Hatungoji!" bila kujua walikuwa wakimjibu nani. Nilipomuuliza kama amekasirika alisema, "Kipindi ni chako." Nikalichukua kuwa ruhusa. Nilijua si ruhusa. Nilijua, na nikaenda zangu studio.

Mwezi Juni 2008 mama mmoja muuza vitambaa alipeleka malalamiko mbele ya kamati ya kusimamia maudhui ya redio na runinga. Binti yake wa miaka minane alikuwa na kigugumizi, na darasa zima lilikuwa likimpigia kelele za "Hatungoji!" mpaka akaacha kabisa kuongea shuleni. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, na dada alikuwa mmojawao. Siku ya shauri, kabla mtu hajamwambia lolote, alikusanya karatasi zake akasema, "Mlalamikiwa ni mdogo wangu. Si haki nikae hapa." Akatoka, akaketi kwenye benchi la korido. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto.

Nilisimama kujitetea. Mnajua nilisema nini? Nilisema maneno yake. Nilikuwa nimewahi kualikwa kwenye somo lake moja, nikakaa viti vya nyuma, na pale niliokota mawili matatu. Nikawaambia wajumbe, "Zamani wataalamu walidhani redio ni sindano, kwamba ukimdunga msikilizaji anageuka. Leo wanafundisha vingine. Msikilizaji si debe tupu la kumiminiwa. Ana akili zake, anachagua, anatafsiri. Watoto wakitaniana shuleni, mbona lawama ije redioni?" Niliongea vizuri, bila kukwama hata mara moja. Wajumbe sita waligawanyika, watatu kwa watatu, na kwa kanuni zao kura zikilingana malalamiko huanguka. Kura ya saba ilikuwa koridoni, juu ya benchi. Nilipotoka nilimpungia mkono. Alhamisi iliyofuata nikarusha sehemu ambayo Bi Ngoja anapelekwa mbele ya kamati, na kamati nzima inamwambia hatungoji.

Wiki hii nimefungua daftari lake la somo lile. Nililoliokota lilikuwa nusu. Nilikuwa nimetoka katikati, kuna mtu alikuwa akinisubiri mahali, wala simkumbuki ni nani. Nusu ya pili inaanza, kwa mwandiko wake, "Ngoja kwanza." Kisha: "Kipindi kimoja hakimgeuzi mtu. Lakini mtu wa aina moja akichekwa kila wiki, miaka nenda miaka rudi, wasikilizaji huzoea kwamba huyo ndiye wa kuchekwa, hata wakikutana naye dukani. Hiyo nayo ni athari, na kazi ya msimamizi ni kuiona kabla anayechekwa hajanyamaza." Angeyasema hayo mbele ya kamati kama si kuniheshimu.

Mama muuza vitambaa yuko hapa leo. Amenieleza juzi jambo ambalo hakuna aliyelijua katika familia isipokuwa shemeji: baada ya shauri lile, dada alikwenda nyumbani kwao kila Jumamosi kwa mwaka mzima na nusu, akimfundisha binti yule kuvuta pumzi. Binti yuko hapa pia. Ndiye aliyesoma salamu za rambirambi asubuhi, na sote tulimsubiri amalize.

Kuhusu ugonjwa. Mwezi Novemba 2018 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo. Kipindi kilikuwa kimekwisha tangu mwaka 2010, lakini Bi Ngoja nilikuwa nimemhamishia kwenye matangazo ya biashara, kwa hiyo yeye Bi Ngoja alikuwa mzima wa afya. Dada alikwenda hospitali peke yake. Kwenye dirisha la mapokezi aliulizwa shida yake, akaanza, "Ngoja kwanza," na mtu mmoja kwenye foleni akajibu. Si kwa ubaya. Foleni ikacheka, karani naye akacheka. Dada alirudi nyumbani akamwambia mume wake kwamba watu walikuwa wengi. Hakurudi tena hospitali hadi Julai mwaka huu, ikagundulika ni saratani ya utumbo na imekwisha kusambaa. Nilimuuliza daktari kama miezi ile minane ingebadilisha kitu. Alisema hakuna anayeweza kujua. Dada mwenyewe angesema athari haipimwi kwa mtu mmoja. Ningependa sana kujificha nyuma ya sentensi hiyo. Inanienea kabisa, lakini sijifichi.

Baada ya kifo chake shemeji alinipa faili lenye utepe. Kumbe kila Alhamisi dada alikuwa akikaa jikoni na kusikiliza. Shemeji alitaka kuizima redio, fundi mzima anataka kuzima redio yake mwenyewe, na dada alimkatalia: "Wa-wacha. Niko kazini." Zimo sehemu zote mia mbili na kumi na mbili, kila moja na mstari wake wa penseli. Nani anaongea. Anakatizwa mara ngapi. Nani anachekwa. Nani anasema neno la mwisho. Katika safu hiyo ya mwisho ameandika "wengine" mara mia mbili na kumi na mbili. Nilizipitia zote nikitafuta hata moja ambayo nilimwachia Bi Ngoja amalize. Hakuna. Pembeni mwa sehemu ya themanini na saba kuna maneno madogo: "Hii nimecheka. Kipaji anacho, huyu mtoto." Afadhali angenitukana.

Marehemu aliaga dunia tarehe 19 Septemba 2019, saa kumi na dakika kumi alasiri, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Nilifika kumwona saa nane. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia, "Dada, lile la kamati. Na yote mengine. Nisamehe." Alinitazama, akainua kidole kimoja, akasema, "Ngoja kwanza." Nikatazama saa. Saa tisa nilitakiwa studio, tangazo la sabuni. Nikambusu paji la uso, nikamwambia, "Jioni, Dada. Utaniambia jioni." Nikashuka ngazi mbio. Saa kumi na dakika kumi nilikuwa mbele ya maikrofoni, nikiigiza sauti yake.

Nilimuuliza shemeji kama alisema kitu. Shemeji hapendi kumwumiza mtu, lakini uongo hajui. Alisema, "Neno lilikuja, shemeji. Lilikuja wewe ukiwa ngazini. Nilikuwa nafungua dirisha, sikulishika." Basi sijui. Pengine alinisamehe, pengine alikataa, pengine aliomba maji. Tangazo lile nimelizuia, na Bi Ngoja sitamwigiza tena, ila najua kwamba hilo halimrudishii mtu kitu. Maisha yake yote dada hakuniomba pesa, hakuniomba msaada, hakuniomba nifute kipindi. Aliniomba pumzi mbili.

Marehemu ameacha mume, fundi redio, aliyeishi naye karibu miaka thelathini na mmoja, binti, muuguzi, mwana, fundi umeme, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, nami nikiwamo, wanafunzi ambao hata yeye angehitaji jedwali kuwahesabu, na binti wa muuza vitambaa, ambaye familia imeomba aandikwe hapa kama mtoto.

Chini ya mstari wa mia mbili na kumi na mbili, dada alikuwa ameshapiga rula mstari mwingine akauacha mtupu. Nimeujaza jana kwa penseli yake. Tarehe: 19 Septemba. Anayeongea: Dada. Amekatizwa mara ngapi: moja. Neno la mwisho: la kwake, sikulisikia.

Apumzike kwa amani, na pasitokee tena wa kumkatiza. Dada, nangoja.