Mgeni Aliyegawa Sahani

Jumatano saa moja asubuhi, benchi la mgahawa wa Kak Rusmini, yaani Dada Rusmini, mjini Manggar, mashariki mwa kisiwa cha Belitung, lilikuwa bado mahali pake. Lingeondolewa Ijumaa. Kak Rusmini alitangaza hivyo huku akichuja kahawa, bila kuinua macho, na waliolikalia walikuwa wale wale watatu: Bati, au Pak Bati kwa heshima ya umri wake, aliyefanya kazi kwenye mgodi wa bati mpaka mgodi ukafungwa, Redio, ambaye hajapatikana mtu wa kumzima, na Dokta, anayeitwa hivyo kwa sababu aliwahi kulazwa hospitali huko Jakarta. Mimi hukaa ukingoni, karibu na nguzo. Manggar kuna mgahawa wa kahawa kila baada ya nyumba mbili, lakini kila benchi lina wenyewe, na hakuna benchi litakalopokea watu watatu waliofukuzwa kwa mkupuo.

Rusmini: Nimeshasema. Jumamosi yule mgeni wa harusini anarudi, tena na wenzake. Naweka viti vya plastiki. Nyinyi tafuteni pengine.

Bati: Sasa kosa letu nini, Kak?

Rusmini: Mmeandikwa.

Akaweka simu yake juu ya benchi. Mgeni huyo, Bwana Kuwahara, ni Mjapani aliyekuja kisiwani peke yake mwezi uliopita, na kofia, begi la mgongoni na kaptula. Aliporudi kwao aliandika habari za safari yake kwenye mtandao. Simu ilikuwa imeshatafsiri. Redio akasoma kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwomba.

“Kisiwa hiki hakithaminiwi inavyostahili. Fukwe zake ni nyeupe, mawe yake ni makubwa kama nyumba, kahawa yake ni kali. Nilialikwa harusini. Wenyeji wangu watatu walikaa, nami nikawagawia sahani. Nitarudi.”

Redio: Basi? Mbona katusifia.

Rusmini: Rudia hapo kwenye sahani.

Redio: “Walikaa, nami nikawagawia sahani.” Kweli si tulikaa? Alitaka tusimame?

Rusmini: Harusi ya mpwa wangu ile. Mtu katoka Japani, nyinyi mmekunja miguu kama masultani, yeye anawahudumia. Na sasa kila mwenye simu anasoma.

Bati: Kak, hiyo si ndiyo desturi? Sinia la watu wanne. Mdogo anagawa sahani, mkubwa anaanza kupakua. Sisi tulikuwa watatu, huyu wa nguzoni hakuja harusini. Kawa jekundu liko juu ya chakula, mchuzi wa samaki unapoa, na sinia haliguswi mpaka apatikane wa nne. Tukamwona anapiga picha. Tukamwita.

Redio: Nilimwita mimi, kwa heshima zote.

Rusmini: Wewe ukiita kwa heshima, watoto wa mtaa wa pili wanaamka.

Dokta aliinamia bilauri yake. Alikuwa akikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Bati: Halafu nyinyi mmeng'ang'ania sahani. Mimi nimekwama kwenye neno la mwanzo. “Hakithaminiwi.” Jiulizeni, nani husema kitu hakithaminiwi? Mtu anayekitaka. Kapita kwenye mawe, kayapima, makubwa kama nyumba. Unapima mawe ya nini? Anataka kujua kilichoko chini yake.

Redio: Kiko nini?

Bati: Bati.

Redio: Nilijua tu. Mkeo akipoteza hereni utasema iko chini, imeshikana na bati.

Bati: Miaka yote niliyochimba, wewe ulikuwa wapi?

Redio: Nilikuwa juu, nakusikiliza ukilalamika. Sasa tega sikio nikwambie. Yule katumwa na serikali. Wanatuma watu kimya kimya kupima miji: mji upi una ukarimu, mji upi hauna. Mji ukishindwa, barabara yake haitengenezwi.

Bati: Serikali ya Jakarta imtume Mjapani?

Redio: Hapo ndipo penye akili. Nani angemshuku?

Bati: Barabara yetu ina mashimo tangu kabla hajaja.

Redio: Basi alikuja kuthibitisha.

Rusmini alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Akampelekea mteja wa ndani kahawa yake. Aliporudi, Dokta alikuwa ameacha kukoroga.

Dokta: Wote hamjui. Yule ni mtafiti wa magoti.

Redio: Wa nini?

Dokta: Magoti. Hamkumwona alivyokaa? Mguu mmoja kaukunja kwa shida, wa pili kauacha umenyooka, karibu autie kwenye mchuzi. Halafu muda wote anatutazama miguu yetu. Huko kwao magoti yamekwisha. Wamekaa sana kwenye viti. Kaja kutafuta watu ambao magoti yao bado yanafanya kazi, wakachunguzwe.

Bati: Wajapani ndio wanaokaa chini, bwana wewe.

Dokta: Zamani. Siku hizi wana viti vinavyotetemeka, unakandwa mgongo umekaa. Mimi nilikiona Jakarta.

Redio: Ulikiona ukiwa na homa.

Dokta: Nilikiona. Na ndiyo maana anarudi na wenzake. Wanakuja kuchukua vipimo. Na nyinyi mnalilia benchi. Mimi hata benchi likiondoka, silali hapa Jumamosi.

Rusmini: Wewe Dokta, mbona una haraka ya kukimbia? Wenzako wanajitetea, wewe unatafuta mlango.

Dokta akasema kahawa ya leo ina majivu. Haikuwa na majivu.

Bati akapendekeza waandike majibu kwenye mtandao, kwamba kisiwa kinathaminiwa vya kutosha na wenyewe. Redio akakubali kuyasoma. Rusmini akauliza ni lini mara ya mwisho yeyote kati yao alikwenda kwenye hizo fukwe nyeupe. Bati alisema alikwenda kabla mgodi haujafungwa, na kwamba kulikuwa na mchanga mwingi. Mazungumzo yakarudi kwenye benchi.

Redio: Kak, tuombe radhi. Mgeni akishuka tu garini, mimi nasimama mbele na kipaza sauti.

Rusmini: Ijumaa, Redio. Benchi linakwenda uani, kuku watalalia.

Hapo likasimama gari dogo la abiria. Alishuka Syahril, dereva kutoka Tanjung Pandan, upande wa pili wa kisiwa. Ndiye atakayewaleta wageni Jumamosi, na alikuja kuona mahali. Aliagiza kahawa ya maziwa, akatazama mikeka iliyoegemezwa ukutani, akakuna shingo.

Syahril: Mtawakalisha kwenye mikeka, Kak?

Rusmini: Chakula cha sinia utakaliaje kiti? Viti ni vya kahawa, mikeka ni ya kula.

Syahril: Wengine sawa. Ila yule mzee wa sabini na kitu goti lake halikunjiki. Kanitumia ujumbe nimtafutie pa kukaa pa juu kidogo, na viti vya plastiki hataki, alishaanguka navyo.

Bati: Mzee yupi?

Syahril: Bwana Kuwahara.

Redio: Umechanganya watu. Kuwahara ni kijana. Nywele nyeusi tii, kaptula, begi mgongoni.

Syahril: Mlimuuliza umri?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Katika miaka niliyokaa kwenye benchi lile sijamwona akifanya hivyo.

Si swali gumu Belitung. Watu wanne wasiojuana wakikutanishwa na sinia, huulizana miaka kabla ya majina, kwa sababu bila miaka hakuna sahani inayotoka. Watoto wanajua.

Bati: Dokta.

Dokta: Nini?

Bati: Nilitaka kumuuliza. Nimefungua mdomo hivi, wewe ukadakia. Ukasema, “Leo nimepata mdogo wangu.” Ukamsukumia sahani.

Dokta: Alikuwa na kaptula, Pak.

Bati: Kaptula ina umri?

Dokta: Mimi nina miaka hamsini na saba. Tangu nikae na nyinyi, kila harusi, kila hitima, kila maulidi, nagawa sahani. Vijana wa rika la wanangu wako sinia la jirani wanahudumiwa. Nyinyi hamzeeki mkaisha, na mdogo mwingine hamleti. Siku moja tu nikasema niketi kama mtu.

Bati alitazama chini. Ana miaka sitini na tisa, na siku ile ya harusi alipakua wa kwanza.

Rusmini: Kwa hiyo mkubwa wa sinia ndiye mliyemfanya mdogo. Nani alikula kichwa cha samaki, haki ya mkubwa?

Redio: Pak Bati.

Bati: Kilikuwa kidogo.

Rusmini: Nilimpika mwenyewe yule samaki. Hakikuwa kidogo.

Syahril alikuwa ameketi kwenye benchi, mwisho kabisa, akijaribu kunyoosha mguu mmoja kama mtu asiyeweza kuukunja. Akainuka, akakaa tena.

Syahril: Hili lingemfaa. Ukiweka meza mbele, sinia juu ya meza.

Rusmini alilipima benchi kwa macho. Alikusanya bilauri zote, hata ya Dokta iliyokuwa bado na kahawa, akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka adhuhuri.

Ijumaa benchi halikuondolewa. Jumamosi saa tano wageni walifika. Bwana Kuwahara alishuka wa kwanza, na kaptula ile ile. Bati alimkaribisha, na kabla ya kumuuliza safari ilikuwaje, alimuuliza umri wake, Syahril akatafsiri. Ni miaka sabini na minne. Wenzake waliketi mikekani na jamaa za Rusmini. Yeye aliketishwa kwenye benchi pamoja na Bati na Redio, na meza mbele yao. Dokta alivuta kiti cha plastiki upande wa pili, akafunua kawa, akagawa sahani: ya kwanza kwa mgeni, ya pili kwa Bati, ya tatu kwa Redio, ya mwisho yake mwenyewe. Bwana Kuwahara akapakua wali. Kisha akachukua kichwa cha samaki.