Kwale wa Mbegu

Saa mbili asubuhi basi la kwenda mji wa Swaffham liliondoka, na Thurlow, aliyeajiriwa na mwenye ardhi kumtunzia kwale wa kuwindwa, akajikuta ameketi kando ya Pegg, mkulima jirani.

“Mzee,” Pegg aliuliza, “mmeacha ngano mkapanda magugu ili makinda wapate wadudu wa kula, mmelipa wawindaji wa mbweha wasiwale kwale. Msimu huu mtapiga risasi kwale wangapi?”

“Hata mmoja. Jana niliwahesabu mashambani baada ya mavuno. Mvua ya Juni iliua makinda. Tukiwapiga waliobaki, mwakani hatuna mbegu ya kuzaliana.”

Pegg alicheka. “Basi bosi wako anafuga hasara! Anajua?”

“Bado. Sasa hivi naenda kumwambia.”

“Atayang’oa magugu yale alime ngano, na wewe akufukuze.”

Thurlow aliijua gharama hiyo kuliko Pegg. “Huenda. Ila sitampa bunduki awapige waliobaki.”

Basi lilisimama langoni kwa mwenye ardhi. Thurlow alivua kofia, akashuka.