Samaki wa Saa Nne

Lori letu lilikuwa halijafika Kaengesa mzee mmoja alipochomoza kwenye mahindi akiwa na ndoana mkononi. Alilisimamisha, akapanda, akakaa karibu na Nsajigwa, bwana samaki, aliyekuwa anakwenda likizo kwao Mbeya.

"Shikamoo, mzee Gaudensi."

"Marahaba. Si wewe uliyetupangia kuvua saa nne hadi saa nane?"

"Ndizo saa za kazi za kijiji, mzee."

"Saa hizo samaki wa mtoni wamelala chini ya mawe, mwanangu. Wanakula alfajiri. Wiki ya tatu hii wagonjwa wa zahanati hawajaonja mchuzi."

"Basi waelimisheni."

"Samaki? Katibu amewasomea ratiba mara mbili, pale ukingoni!"

Mimi naiamini sana elimu, lakini hapo nilisita.

"Uliahidi mkutanoni," mzee aliendelea, "atakayeipinga ratiba utakwenda naye mtoni. Mimi naipinga."

"Mzee, lori hili hupita mara moja kwa wiki, na likizo yangu ni wiki moja!"

"Nani alikulazimisha kuahidi?"

Lori likasimama darajani. Nsajigwa akashuka na sanduku lake. "Nitalala kwako mpaka alfajiri," alisema, "ila kwanza nataka kumsikia huyo katibu akisoma."