Lori Nililoliosha kwa Petroli

Nimeitwa mbele na nimekuja, lakini ngojeni kwanza niweke jambo moja sawa. Mama aliyenitambulisha amesema mimi ni mshindi. Waitu, ndugu zangu, sijashinda kitu. Nimesimama tu, na kusimama kwenyewe ni kule kwa mgomba uliotiwa nguzo. Mkitaka kumsikia mtu aliyerudishiwa kila alichonyang'anywa, mngojeeni msemaji mwingine. Mimi ni mjane kama ninyi mliokusanyika hapa Kagondo, mjini Bukoba. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine mnawajua na wengine ni ndugu zenu.

Nilizaliwa Izimbya, nikaolewa Muleba. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, akibeba kahawa kutoka vijijini kuileta hapa Bukoba. Huku mjini ndiko alikoupatia ugonjwa wake wa vigari. Kulikuwa na duka la Mhindi lililouza maboksi yenye picha ya gari juu, na ndani vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti kama ndizi kwenye mkungu. Unakata kipande kimoja kimoja, unasugua, unagundisha, unapaka rangi, mwisho unapata gari kamili la kukaa kiganjani, lenye bampa na usukani na hata vishikio vya milango. Mwaka wa uhuru wenzake wenye mishahara walinunua redio. Yeye alirudi nyumbani na boksi.

Nilimcheka, sitaficha. Nilimwambia, "Mwanamume mzima, unashinda na lori barabarani, halafu unakuja nyumbani kutengeneza lori?"

"Lile ni la chama," akasema. "Hili ni langu."

Nikaacha kucheka. Vidole vyake vilikuwa vinene, vidole vya spana, na zile taa ndogo na namba za gari zilimshinda, kwa hiyo akawa ananiletea mimi. Nilipaka taa kwa ncha ya unyoya wa kuku. Miaka ikaenda hivyo, yeye anagundisha, mimi napaka, majirani wanatuona wendawazimu. Tulikuwa na gari dogo la abiria, tukawa na gari la tanki la mafuta, na mwisho lori kubwa la mizigo. Lile lori alilimaliza akiwa tayari anaumwa. Aliligeuza kabla gundi haijakauka, dole gumba lake likajichapa chini ya chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, mistari yote inaonekana. Alitaka kuisugua ile alama, nikamkataza. Hatukuwahi kupiga picha hata moja, nikamwambia hiyo basi iwe picha yako.

Akafa. Lilikuwa tumbo, na hospitali hawakuliweza. Alizikwa kibanjani kwao, kwenye migomba ya baba yake, kama tunavyozikana.

Ndugu zangu, yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha, maana humu ndani yupo nani asiyeyajua? Matanga yakaisha, ukoo ukakaa. Mimi nina mabinti wawili, wameolewa mbali, na kwetu mama hahamii kwa mkwe. Mtoto wa kiume sina. Shemeji yangu akatangazwa mrithi. Aliniita uani akazungumza kwa adabu, sitamsingizia.

"Shemeji, kibanja ni cha ukoo," akasema. "Ukikubali nikutunze kama mke, huendi popote. Ukikataa, kwenu kupo."

"Na kaburi?"

"Kaburi ni la kaka yangu."

Nilikataa. Siku ya kuondoka vitu vyangu vilitolewa nje, na lile boksi la magari mtu alilirusha kutoka mlangoni, likapasukia kwenye migomba. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizotandazwa pale chini nikaokota, huku watu wakipita na mizigo, wengine wakikanyaga. Lori lilikuwa limeachana na bodi lake, kebini imepasuka, magurudumu mengine sikuyaona tena. Nikafunga nilichopata kwenye kanga. Kile kipande cha chesisi chenye dole gumba nilikiweka kifuani. Mume wangu alikuwa mle ardhini na mimi sikuruhusiwa tena kuingia kibanjani, kwa hiyo kwangu kile kipande ndicho kilikuwa mume wangu. Semeni mnavyotaka.

Nilirudi Izimbya kwa kaka yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, mikono ndiyo iliyokataa. Nilikaa tu. Kuoga nikaacha, kusali nikaacha. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwetu haikosekani. Ilianza na kibuyu cha kunikaribisha, ikaishia mimi kuwa mtu wa kutafutwa na kuokotwa kwenye migomba ya watu. Watoto wa kaka walijifunza kunibeba kabla hawajajifunza kuniamkia. Mnacheka, na mimi ningecheka.

Wakati huo viongozi walikuwa wanapita kuandikisha watu wa kwenda kufungua kijiji kipya cha ujamaa huko rweya. Rweya mnaijua: nyasi tupu, udongo usiotaka mgomba, mahali pa kuchungia ng'ombe, na wanawake kujilimia njugu mawe. Mwenye kibanja chake hakujiandikisha ng'o. Tuliokwenda ni sisi tusio na pa kusimama. Jina langu alilitaja wifi yangu, tena kwa furaha kubwa, hata kabla hajaulizwa.

Nikapewa kiwanja, kikaandikwa jina langu. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia nishukuru, kwani ni wanawake wangapi wa Kihaya wana ardhi yenye jina lao? Nikaitazama ile nyika mpaka inapoishia, sikuona cha kushukuru. Upepo wa rweya hauna kitu cha kuuzuia, na nilikuwa na kibanda cha nyasi na kanga ya vipande.

Moyo wangu ulitaka kitu kimoja tu, kuliona lile lori limesimama tena kama alivyolisimamisha yeye. Njugu sikuzitaka, kijiji sikukitaka. Nilifungua ile kanga. Vipande vilikuwa na matope, na utomvu wa migomba umekaukia juu yake mweusi. Mkiosha kwa maji hautoki, mnajua. Na hapo ndipo nilipokosea kosa ambalo mke wa dereva peke yake angeweza kulikosea. Nyumbani kwetu kila kitu cha gari kiliogeshwa kwa petroli. Spana kwa petroli, plagi kwa petroli, mikono ya mume wangu kwa petroli kabla ya sabuni. Hata hili lori dogo, nikajiambia, si gari? Alikuwa anapita dereva wa misheni, aliyemfahamu marehemu, nikamwomba anipe kidogo kwenye chupa. Nikaimimina kwenye beseni, nikatia vipande vyote vya lori, na chesisi nikaitia, nikaenda kuchota maji. Na maji ya rweya ni mbali.

Niliporudi rangi yote ilikuwa imetoka inaelea. Kebini ilikuwa imelegea na kulala upande. Vipande vyembamba vilikuwa vimeanza kuyeyuka chini ya beseni, uji mtupu. Nikaitoa chesisi, nikaigeuza. Pale palipokuwa na dole gumba palikuwa laini. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Ukoo ulininyima kaburi, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa usafi wangu, nikafuta kilichobaki. Nilitamani kufa, nalisema wazi kwa sababu najua humu yupo aliyetamani hivyo wiki hii. Nililala mle kibandani. Watu walikuja. Katekista akaniambia Mungu ana mpango wake. Nikamwambia basi anionyeshe ukurasa wangu. Mwenyekiti akaja kuniambia sionekani kwenye shamba la pamoja. Wote walikuwa na haki, na wote nilitaka watoke.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kiislamu kutoka huku mjini Bukoba, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Mjane kama mimi. Tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu. Siku hiyo aliingia bila hodi ndefu, akakaa chini, akalivuta lile beseni, akaanza kutoa kipande kimoja kimoja na kukiweka juu ya mkeka. Hakunipa pole. Akainua kiduara kidogo kama kifungo cha shati.

"Shoga, hiki nacho ni cha nini?"

Nikageuza uso kukitazama. Akakisogeza karibu.

"Usukani," nikasema.

"Unakaa upande gani?"

"Kulia. Si unaona kitundu?"

"Sioni mie. Nionyeshe."

Nikainuka nikamwonyesha. Akainua kingine, nikamwambia hiyo ni springi, inakaa juu ya ekseli ya nyuma. Akainua kingine. Ndugu zangu, nawaambia, tangu mume wangu azikwe hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo ninalolijua. Wote waliniuliza nitakula nini na nitakwenda wapi, na hayo ndiyo nisiyoyajua. Huyu aliniuliza springi inakaa wapi. Nilijisikia nikijibu, nikashangaa sauti yangu bado ipo.

Alipoondoka alisema, "Leo nitalima mstari wako wa njugu. Kesho utalima wangu. Njugu hazina msiba." Kesho yake nililima wa kwake kwa aibu tu, maana nilikuwa nadaiwa mstari.

Basi nikaanza. Ule uji wa plastiki ulioyeyuka ndio uliokuwa gundi yangu. Niliupaka kwenye nyufa kwa kijiti, ukakauka ukashika. Magurudumu yaliyopungua niliyatoa kwenye lile gari la tanki, vioo nikavitoa kwenye gari dogo. Ekseli nilitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Niliua magari mawili ili moja lisimame, na kila nilipolikata jingine nilimwomba marehemu radhi, kwa sababu na hayo yalikuwa ya mikono yake. Kebini niliitia maji ya moto nikaisukuma kwa kidole ikae sawa. Upande mmoja ulikubali, wa pili ulikataa mpaka leo. Rangi nilipewa na mwenyekiti, iliyobaki kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, kwa hiyo lori la mume wangu lililokuwa jekundu sasa ni la kijani cha serikali.

Na rubisi? Wengi mnangoja hapo. Sikuiacha kwa kiapo. Nilipokunywa, mikono ilitetemeka asubuhi, na mikono ikitetemeka taa haipakiki. Ndivyo ilivyopungua. Hadi leo nikialikwa harusi naogopa tangu nikiwa njiani.

Lilipokamilika nililifunga kwenye kanga safi, nikaomba nafasi kwa yule dereva wa misheni, nikaenda Muleba. Nilitaka kuliweka juu ya kaburi kwa muda mfupi, alione, kisha nirudi nalo. Nilifika kwenye lango la kibanja nikasimama nje, kama mgeni anavyosimama. Shemeji akatoka. Amezeeka haraka, huyo mtu. Nilimweleza nilichotaka. Akaomba alishike, nikampa. Alilisukuma juu ya kiganja, magurudumu yakazunguka.

"Kaka alikuwa akiyapenda haya," akasema.

"Nifungulie niingie, shemeji. Sitakaa."

Aliangalia nyuma, kwenye nyumba, walikokuwa wamekaa wazee wa ukoo. Kisha akanirudishia lori kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto.

"Nikikufungulia leo watasema umerudi," akasema. "Nenda tu salama."

Hakuwa na ubaya, alikuwa na woga. Ningependa awe na ubaya, ingekuwa rahisi kwangu. Njia nzima ya kurudi nililia, kile kilio nilichokuwa nimekikosa siku ya beseni, na yule dereva aliendesha polepole bila kuniuliza kitu. Sijakwenda tena.

Nawashukuru nilionao: dereva yule, kwa petroli yake na kwa ukimya wake, mwenyekiti, kwa rangi na kwa kunivumilia kwenye shamba la pamoja, na huyo mama jirani, ambaye leo amebaki kupalilia mstari wangu ili mimi nije kusema maneno. Mungu sijamalizana naye, lakini tunasalimiana.

Somo langu ni dogo, mlipokee au mliache. Wajane wenzangu, msizeekee kwenye lango la mtu. Mimi nilipoteza miaka nikiamini kwamba nikifunguliwa lile lango nitapona, na halikufunguliwa, na nikagundua kwamba njugu zilikuwa zimeota nikiwa nimezipa mgongo.

Najua mtu wetu anazikwa kibanjani, na kuzikwa rweya ni kama kutupwa. Mabinti zangu waliponisikia walilia. Lakini nimekwisha kuwaambia wao, na jirani yangu, na mwenyekiti: siku yangu ikifika, nizikeni pale pale kwenye njugu zangu. Ni udongo mbaya, haujui mgomba. Ila hauna lango, na atakayetaka kuja kunililia ataingia.