Historia ya Mzee Joel arap Mosonik, Fundi wa Banjo

Bwana Pasta, wazee, akina mama, na nyinyi nyote mliopanda kilima hiki na matope yake, chamgei, hamjambo, mimi ni Kipkemboi, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenichagua nisome kwa sababu sauti yangu haihitaji spika, na pia kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mwingine mwenye sura ya kusimamishwa mbele ya watu.

Baba yetu, Mzee Joel arap Mosonik, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa juu ya Kapkatet, akiwa wa tatu katika watoto tisa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, akaishia darasa la saba, na mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hivyo kwa karatasi nilimshinda, na hapo ndipo kumshinda kwangu kuliishia.

Mwaka wa 1970 aliajiriwa useremala katika shamba moja la majani chai, akafanya kazi hiyo hadi 1996, lakini kazi aliyozaliwa nayo aliikuta Mulot, Agosti 1972, ambapo mekanika Ephantus Njuguna, yule pale mwenye kofia ya kahawia, alikuwa amepumzika kando ya lori akipiga banjo ya kiwandani, Baba akaomba kuishika, akaishika mpaka jioni, akaipima yote kwa kamba ya katani yenye mafundo, na Njuguna husema, "Nilijua huyu Mkipsigis ameniibia, kumbe ameiba vipimo tu."

Banjo yake ya kwanza ilimchukua miezi minne, duara akalikunja kwa mvuke wa sufuria ya githeri, shingo akaichonga kwa mti wa mtarakwa, vigingi vya kukazia nyuzi kwa visiki vya michai mizee iliyong'olewa shambani, maana mti huo ni mgumu kuliko kichwa changu, nyuzi akazitoa kwenye waya za breki za baiskeli, nne ndefu na ya tano fupi, inayoanzia katikati ya shingo, na juu ya duara akawamba ngozi ya mbuzi.

Watu walimwambia aachane na chombo cha wazungu, naye hakukasirika, aliwaeleza polepole kwamba banjo ilitoka Afrika, upande wa magharibi, kwamba watu waliokamatwa na kuuzwa utumwani ng'ambo waliitengeneza upya huko kwa kibuyu na ngozi, wakiifuata ile ya kwao waliyoikumbuka, kisha viwanda vikaichukua, vikaivisha chuma, ikapanda meli ikarudi, na alikuwa akimaliza hivi, "Mtoto akirudi nyumbani na viatu vipya, utamwita mgeni?"

Alimuoa Mama yetu Rebeccah tarehe 11 Desemba 1976, wakajaliwa watoto sita, wa kwanza akiwa Janeffer, mwaka wa 1978, na wa mwisho, mwaka wa 1999, ni huyu mnayemtazama, wajukuu ni kumi na wanne, na banjo ni mia moja na tisa, ya mwisho ikiwa ndiyo iliyonileta hapa nikiwa na deni.

Baba alianza kuugua moyo Februari 2024, na Jumapili ya Pasaka mwaka huu, tarehe 20 Aprili, alituita sote, akatuonyesha banjo aliyoifikisha nusu, akasema ye yote atakayeiwamba ngozi ikazungumza ndiye atapewa ufunguo wa karakana yake, wengine wasinung'unike, na akaongeza, "Nisikie kwanza, ndiyo nilale."

Mimi nikasema mbele ya wote kwamba hiyo ni kazi ya wiki moja, Janeffer akasema, "Haya, profesa," akaenda kukama.

Sasa, kila aliyepita kwa Baba anajua kwamba ngozi hununuliwa Mulot, ambako jua linakausha, kwa sababu hapa kwetu mvua hupiga hodi kila siku saa nane mchana, kisha hulowekwa, huwambwa ikingali na maji, na huachwa kivulini siku tatu bila kuguswa wala kuonyeshwa moto, na mimi najua hayo kuliko ninavyojua sala, lakini Baba alilazwa tarehe 1 Juni, nikaogopa, nikaiwamba ngozi yangu haraka, nikaiweka juu ya jiko la Mama, na Jumanne tarehe 3 ikapasuka katikati.

Siku hiyo hiyo Janeffer alienda Mulot, akarudi na ngozi, akaiwamba Jumatano, akakaza nyuzi Jumamosi, na kwa kuwa ng'ombe alikuwa anazaa, Jumapili tarehe 8 akanipa mimi niipeleke wodini.

Nilimpigia Baba banjo hiyo, taratibu, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi, pembeni kote, akauliza, "Nani amewamba hii?" na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikasema, "Ni mimi, Baba."

Akatabasamu, akamwambia Mama anipe ufunguo, na Jumatatu tarehe 9, saa kumi na moja alfajiri, akatuacha.

Janeffer hajasema neno mpaka leo, na programu mliyoshika, ukurasa wa tatu, imeandika kwamba fundi mrithi ni Kipkemboi, jambo nililomwamuru mchapishaji mimi mwenyewe, kwa hivyo naomba mwenye kalamu alikate jina hilo na mwenye kalamu mbili amsaidie jirani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomshika Baba kama wa kwao, majirani mliochuna majani yetu ya chai wiki nzima ili yasikomae, Mzee Njuguna na mafundi wenzake, na mwisho fundi wa karakana hiyo kuanzia leo, dada yangu Janeffer, ambaye namwomba mbele yenu anichukue nianze kwa kuloweka ngozi, na akikataa nitaelewa.

Ulale kwa utulivu, Baba, na unisamehe, aliyeiwamba ni Janeffer.