Historia ya Fundi Radi, Aliyesikiliza Muziki kwa Meno

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia inaomba mtuvumilie, kwa kuwa mke wa marehemu ameagiza historia hii isomwe yote bila kuruka neno, pamoja na ile sehemu inayomuuma yeye mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Radi tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa stesheni na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1973 akaingia shule ya ufundi, ambako alipata santuri yake ya kwanza ya muziki wa roki, aliyoachiwa na mwanafunzi aliyehama, akaipiga bwenini mpaka wenzake wakaificha chini ya godoro. Magitaa yale ya umeme yalimwingia damuni, na baba yake, aliyependa utulivu, akawa analalamika kwamba ameomba mtoto akaletewa radi, na jina likamganda hapo hapo.

Baada ya miaka michache katika karakana ya mabasi, mwezi Februari 1982 alifungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta, akasifika kwa kusikiliza injini, maana aliigusisha ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akakutajia kilicholegea. Jirani yake alikuwa kinyozi, na kwa kinyozi huyo walikutana kila Jumapili alasiri mashabiki wa roki na hevi metali, ile roki nzito zaidi, yaani wao wawili, mwalimu wa hesabu, na dereva wa lori mwenye sauti nzito waliyemwita Besi, wanaume wazima wenye familia zao, wakibishana hadi mishipa ya shingo ikawasimama kuhusu bendi ipi ilikuwa nzito kuliko zote na gitaa lipi lililia vizuri zaidi, kila mmoja akiapa kwamba muziki wa siku hizi ni makelele matupu, na wake zao, waliojua kelele zinazotoka kwenye spika za kinyozi, wakicheka mpaka machozi.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani wa sare za shule, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa, na katika sherehe hiyo marafiki zake watatu walitikisa vichwa kufuata mdundo wa roki kwa nguvu kiasi kwamba mama mkwe akauliza kama wale vijana wameumwa na nyuki. Mungu aliwajalia binti mwaka 1986 na mvulana mwaka 1991, na nyumba yao ilikuwa na kelele, ila haikuwa na ugomvi.

Mwaka 2013 masikio yalianza kumsaliti, na daktari akamweleza, mkewe akiwa ameketi pembeni, kwamba kidogo kilichobaki kingeweza kutunzwa endapo angekaa mbali na kelele, za kazini na za starehe, hivyo mkewe akawafuata wale watatu pale kinyozini, akawasihi kwa upole wasimfungulie tena muziki kwa sauti kubwa, nao wakampa neno lao. Lakini Jumapili iliyofuata walipomwona mwenzao ameketi kati yao kama mgeni asiyejua lugha, akicheka kwa kuchelewa kila walipocheka, moyo uliwashinda, wakaazima spika kubwa ya ukumbi wa harusi, wakaiweka karibu na kiti chake, wakafungulia sauti mpaka mwisho, kwa sababu kwa watu wa muziki ule mtu asiposikia huongezewa sauti, na marehemu alisikia, akasimama, akapiga gitaa la hewani, vidole vikichezea nyuzi zisizokuwepo, huku analia kwa furaha. Kabla mwaka haujaisha hakusikia tena chochote, hata sauti ya mkewe.

Tangu hapo mjane hakutaka kuwaona wale watatu mlangoni kwake, na marehemu, ambaye hakuwahi kuwalaumu, aliendelea kwenda kinyozini, akiuma mpini wa nyundo kwa meno na kugusisha ncha ya pili kwenye spika, na muziki ukampitia mifupani, kisha akarudi nyumbani na kukuta mkewe amemnunia.

Tarehe 22 Agosti 2023, asubuhi, lori la mteja lilirudi nyuma katika uwanja wa gereji, honi ikapigwa, watu wakapiga kelele, naye alikuwa ameligeuzia mgongo, asisikie, likamgonga. Wale watatu walifika hospitalini siku hiyo hiyo, mjane akawazuia mlangoni mwa wodi, wakabaki kwenye benchi la nje, na tarehe 24 marehemu, ambaye hakuweza tena kusema, alimtazama mkewe, akainua vidole vitatu, akaonyesha mlango. Mjane ameagiza isomwe mbele yenu kwamba alielewa, akajifanya hakuelewa, akampa maji, na jioni hiyo mume wake akakata roho, wao wakiwa bado kwenye benchi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, majirani waliopika na kulala nasi, na mafundi wenzake waliofunga kazi kwa ajili yake. Kwa kinyozi, mwalimu na Besi, mliosimama kule nyuma getini, mjane anasema hajawasamehe, wala hajajisamehe yeye, na anawaomba msogee mbele, kwa kuwa jeneza hili halitanyanyuliwa na mtu mwingine kabla yenu.

Wamekuja, Fundi. Pumzika kwa amani.